HEDHI, AFYA YA AKINA MAMA NA WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

(Mazungumzo yaliyotayarishwa ili yasomwe na makatibu mbele ya wanachama wa vyama vya msingi. Katibu anaweza kuyasoma yote kwa mara moja, au kuyagawa katika mikutano miwili. Maswali ya majadiliano yako mwishoni.)



Katika mikutano ya vyama vya msingi huzungumzwa mengi. Huzungumzwa bei ya mazao, upungufu wa magunia, mizani isiyosema kweli, dawa iliyochelewa na deni la msimu uliopita. Mambo hayo yote ni ya haki, na kila mwanachama huyatamka bila kuona haya. Lakini liko jambo moja linalozigusa kaya za wanachama kila mwezi wa mwaka, nalo ni nadra kuonekana katika kumbukumbu za vikao. Jambo hilo ni hedhi ya wanawake.

Huenda wapo watakaouliza: Hedhi na ushirika vina uhusiano gani? Swali hilo ni la haki, na jibu lake si gumu. Mwanamke aliye katika hedhi huhitaji maji, sabuni, kitambaa au pedi, choo chenye mlango, na fedha. Katika mahitaji hayo matano hakuna hata moja lililo siri ya chumbani. Maji huchimbiwa kisima, choo hujengwa, sabuni na pedi hununuliwa dukani, na fedha hutoka katika mazao yaliyopimwa kwenye mizani ya chama. Jambo linalohitaji majengo, bidhaa na fedha ni jambo la ushirika kama yalivyo mengine.

Neno kuu la mazungumzo haya ni hili: hedhi si ugonjwa wala si aibu. Kinacholeta maradhi na hasara ni kuificha. Na dawa ya kuificha ni kuitaja mahali pale ambapo mipango hupangwa na fedha hukatiwa shauri.

HEDHI NI NINI

Mwili wa mwanamke aliyevunja ungo hujiandaa kila mwezi kupokea mimba. Utando wa ndani wa tumbo la uzazi hunenepa na kujaa damu, kama mkulima anavyoliandaa tuta kabla ya kupanda. Yai hutoka katika kifuko chake na kungoja. Lisipokutana na mbegu ya mwanamume, utando ule hauna kazi tena. Hubomoka na kutoka nje pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Ni dalili kwamba mwili unafanya kazi yake ipasavyo, na pasipo mpango huo hakuna mtu ambaye angezaliwa.

Wasichana wengi huvunja ungo wakiwa na umri wa kati ya miaka 10 na 15, na hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Tangu siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya hedhi ifuatayo hupita siku 28 hivi, lakini kwa mwanamke mzima siku 21 hadi 35 ni kawaida. Kwa msichana aliyeanza karibuni tarehe huweza kuyumba kwa mwaka mmoja au miwili, na hilo peke yake si la kutia hofu. Damu hutoka kwa siku 2 hadi 7. Kiasi chake, ingawa huonekana kingi, kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani. Ikizidi mililita 80 katika hedhi moja, huhesabiwa kuwa nyingi.

Ieleweke pia kwamba damu hiyo haina sumu wala uchafu wa pekee. Ni damu ile ile izungukayo mwilini, iliyochanganyika na utando uliobomoka. Maumivu ya tumbo na kiuno yatokeayo siku za mwanzo husababishwa na tumbo la uzazi kujikaza ili kuusukuma utando huo nje. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa tumboni hutuliza, na dawa za maumivu kama ibuprofeni husaidia kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

MAARIFA YA ZAMANI NA PENGO LA SASA

Kiswahili kina maneno mengi ya staha kuhusu jambo hili. Husemwa kwamba mwanamke yuko mwezini, au yuko katika siku zake. Msichana huambiwa amevunja ungo. Na kitambaa cha kujihifadhi kiliitwa sodo. Staha si kosa. Wazee walikuwa na maneno hayo kwa sababu walikuwa na mafunzo yanayoandamana nayo. Katika pwani na kusini ya Tanzania mafunzo hayo yalikuwa katika unyago. Kwa Wazaramo, kwa mfano, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundishwa na wanawake waliopewa kazi hiyo namna ya kujitunza na kujisitiri. Somo au kungwi hakuona haya, kwa kuwa kufundisha ndiko kulikompa heshima yake.

Siku hizi mambo yamebadilika. Wasichana wengi huvunja ungo wakiwa darasani au bwenini. Kungwi yuko mbali, mama huona haya, na mwalimu hulipita somo hilo mbio mbio. Mafunzo yamepungua, lakini miiko imebaki. Ndiyo maana msichana huweza kujua mambo kumi aliyokatazwa kuyafanya katika hedhi, asijue hata moja la kufanya.

Miiko yenyewe inajulikana. Husemwa kwamba mwanamke aliye katika siku zake akipita katika shamba la maboga au karanga, mimea itanyauka. Husemwa asichume mboga, asitie chumvi katika chakula. Katika baadhi ya jamii za wafugaji wa maziwa makuu hukatazwa kukama au kunywa maziwa, ati ng'ombe watadhurika. Wakulima ni watu wa ushahidi, na ushahidi wanao. Katika shamba la pamba la ekari tatu palizi hufanywa kwa siku nyingi, na wapaliliaji wengi ni wanawake. Siku zote hizo mmoja au wawili kati yao huwa mwezini. Kama hedhi ingekausha mimea, basi vyama visingekuwa na pamba ya kupima, wala kahawa, wala mahindi. Shamba hukaushwa na ukosefu wa mvua na wadudu waharibifu.

Wengine huegemeza aibu hii kwenye dini. Ni kweli kwamba dini zina taratibu zake. Mwanamke wa Kiislamu aliye katika hedhi huondolewa sala na saumu, na siku za saumu huzilipa baadaye. Lakini hakukatazwa kupika, kulima, kuuza wala kula pamoja na jamaa zake, na imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha kwamba Mtume alikuwa akiegemea mapajani pake naye akiwa katika hedhi. Wakristo nao husoma katika Injili habari za mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12, ambaye Yesu hakumfukuza bali alimsemesha kwa upole mbele ya umati. Hakuna katika hayo fundisho la kumdhalilisha mwanamke.

AIBU HII HAIKO AFRIKA PEKE YAKE

Yafaa wanachama wajue kwamba mataifa mengine nayo yamehangaika na jambo hili, na njia walizopita zina mafunzo.

Katika sehemu za magharibi ya Nepal iko desturi iitwayo chhaupadi, ambayo humtaka mwanamke aliye katika hedhi alale nje katika kibanda. Wamekufa wanawake na wasichana humo kwa baridi, kwa moshi wa moto waliouwasha na kwa kuumwa na nyoka. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliipiga marufuku mwaka 2005, na mwaka 2017 ikatungwa sheria ya kumfunga hadi miezi 3, au kumtoza faini ya rupia 3,000, yeyote amlazimishaye mwanamke kuifuata. Hata hivyo vibanda havikwisha. Sheria hukataza, lakini desturi huondoka watu wanapoelewa.

Huko Marekani pedi za kiwandani za aina ya Kotex zilianza kuuzwa mwaka 1920, baada ya wauguzi wa Vita Kuu ya Kwanza kugundua kwamba pamba ya nyuzi za miti iliyotengenezwa kwa ajili ya vidonda vya askari hufaa pia kwa hedhi. Bidhaa ilikuwa nzuri, lakini wanawake waliona haya kumwomba mwenye duka. Ikabidi pakiti ziwekwe juu ya meza, na kando yake kisanduku cha kutilia fedha, ili mnunuzi achukue na kuondoka bila kusema neno. Jambo hili linastahili kukumbukwa na kila katibu mwenye duka la chama: bidhaa kuwapo rafuni hakutoshi, ikiwa mnunuzi anaogopa kuitaja.

Wala aibu hii haiwahusu watu wa mashambani tu. Mwezi Februari mwaka 2023, Seneta Gloria Orwoba wa Kenya aliingia katika Seneti akiwa na doa jekundu katika suruali yake nyeupe. Baadhi ya wenzake walilalamika kwamba amelivunjia Bunge heshima, naye akatakiwa atoke akabadili nguo. Ikiwa mtunga sheria hutolewa ukumbini kwa sababu ya doa, msichana wa darasa la saba mwenye sketi moja ya shule atafanya nini? Atabaki nyumbani.

KITAMBAA KINACHOKAUSHWA GIZANI

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Methali hii inafaa hasa katika jambo la kitambaa.

Wanawake wengi wa vijijini hutumia vitambaa, na kitambaa si kitu kibaya. Kitambaa safi cha pamba kilichofuliwa vema na kukauka vema kinafaa. Tatizo liko katika kukausha. Kwa kuwa wameambiwa kwamba mwanamume asikione, au kwamba mwenye husuda akikiokota ataweza kumfunga mtu asizae, wanawake hukianika chini ya godoro, nyuma ya kabati au kati ya kuta na paa la jikoni. Huko hakuna jua wala upepo. Kitambaa hubaki na unyevu, hushika ukungu, na mwezi ufuatao huvaliwa kikiwa hivyo. Ndipo huja muwasho, vipele, michubuko na maambukizi. Mwanamke akiugua hivyo huona haya kwenda zahanati, na maradhi huendelea. Basi ionekane wazi jinsi mambo yanavyofuatana: mwiko humzuia kuanika, kutoanika huleta ukungu, ukungu huleta maradhi, na aibu huzuia tiba. Katika mnyororo huo wote damu haikufanya kosa lolote.

Kanuni za usafi ni chache, na katibu azisome polepole ili zishikwe:

1. Kitambaa kilichotumika kiloweshwe katika maji baridi. Maji ya moto huigandisha damu katika nyuzi. Kisha kifuliwe kwa sabuni na kusuuzwa mpaka maji yawe meupe.

2. Kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Anayependa sitara akifunike kwa kanga nyepesi juu ya kamba. Jua na upepo vitapita. Kikishakauka kipigwe pasi panapowezekana, kikunjwe na kuwekwa katika mfuko safi.

3. Kitambaa au pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama damu ni kidogo. Isiachwe kupita saa 8.

4. Mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kubadilisha na baada yake. Mwili uoshwe kwa nje kwa maji safi. Sabuni, ndimu au dawa nyingine yoyote isiingizwe ndani.

5. Pedi ya kiwandani isitupwe katika tundu la choo, kwa kuwa ina plastiki. Haiozi, nayo hujaza shimo. Ifungwe katika karatasi na kuchomwa.

6. Vipo pia vikombe vya hedhi vya silikoni. Kimoja huvaliwa hadi saa 12 na huweza kutumika kwa miaka hata 10, mradi kichemshwe kila mwezi. Vinawafaa wale wenye maji safi na waliofundishwa kuvitumia.

Mwanamke aende zahanati bila kukawia ikiwa damu inapita siku 7, au inalowesha pedi nzima kila saa moja au mbili, au ina mabonge makubwa. Ikiwa kuna harufu mbaya, homa au maumivu yasiyomruhusu kufanya kazi. Na ikiwa damu inamtoka baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima au zaidi. Hili la mwisho lisipuuzwe hata kidogo, maana huweza kuwa dalili ya saratani. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye aonwe na daktari. Kwa wenye kutokwa damu nyingi, upungufu wa damu ni adui wa karibu, hasa palipo na malaria na minyoo. Mboga za majani, maharage, dagaa na maini huongeza madini ya chuma. Chai inywewe mbali na chakula, kwa sababu huyazuia madini hayo yasiingie mwilini.

HESABU YA KAYA

Makatibu wamezoea hesabu. Basi na hili lihesabiwe. Mwanamke anayetumia pedi 3 au 4 kwa siku, kwa siku 4 au 5, humaliza pedi 16 hivi, yaani pakiti 2 za pedi 8. Kaya yenye mama na mabinti wawili huhitaji pakiti 6 kwa mwezi, na pakiti 72 kwa mwaka. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba pakiti moja ni shilingi 2,000, gharama ya mwaka ni shilingi 144,000. Ikichukuliwa tena kwa mfano kwamba kilo ya pamba mbegu ni shilingi 1,200, fedha hizo ni sawa na kilo 120 za pamba. Kila katibu aweke bei za mahali pake katika mfano huu, kisha awasomee wanachama jawabu.

Fedha hizo katika kaya nyingi haziko katika bajeti yoyote. Kadi ya chama mara nyingi ina jina la baba, na malipo ya mazao hupokelewa naye. Baba huyo hununua dawa ya pamba bila kusitasita, kwa kuwa anajua asipoinunua atavuna nusu. Lakini binti yake hathubutu kumwambia anahitaji pedi, na mama hudokoa fedha ya chumvi. Asiyepata kitu hutumia kipande cha godoro, matambara machafu au majani. Na msichana anayekosa shule siku 3 kila mwezi, kwa miezi 9 ya masomo, amekosa siku 27, yaani zaidi ya majuma matano. Serikali ya Tanzania iliondoa ada katika shule za sekondari hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016. Itakuwa masikitiko ikiwa mtoto aliyefunguliwa mlango wa shule atarudishwa nyumbani na kipande cha kitambaa.

Hasara iko pia kwenye bohari ya chama. Siku ya kupima mazao akina mama hufika alfajiri na kungoja hadi jioni. Katika maghala mengi choo ni kimoja kwa watu wote, mlango umeng'oka, maji hakuna. Mwanamke aliye mwezini ama hukaa na pedi moja tangu asubuhi hadi usiku, ama huondoka na kumwachia mwingine ausimamie mzigo wake. Anayeondoka haoni mizani. Na mwanachama asiyeona mizani amepoteza haki ya kwanza ya ushirika.

FUNZO LA KODI

Serikali kadhaa zimejaribu kupunguza bei. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa pedi bure wasichana waliobaleghe katika shule za umma. Rwanda iliondoa kodi hiyo mwaka 2019. Tanzania iliiondoa kwa bajeti ya mwaka 2018/2019, lakini mwaka 2019 ikairudisha. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alilieleza Bunge kwamba bei haikushuka kwa wananchi. Nafuu iliyokusudiwa kwao ilibaki kwa wafanyabiashara.

Wanaushirika wanalijua jambo hili tangu zamani. Mkulima mmoja mmoja akienda sokoni, nafuu huishia mikononi mwa watu wa kati. Kwa sababu hiyo hiyo vyama vilianzishwa, ili wengi wauze pamoja na wanunue pamoja. Mama anayenunua pakiti moja katika kibanda cha kijijini hana sauti juu ya bei. Vyama 20 vinavyoagiza pamoja kwa katoni vina sauti.

Ipo pia njia ya kutengeneza. Nchini India, Arunachalam Muruganantham wa Coimbatore, fundi wa karakana aliyekuwa amemwona mkewe akificha matambara, alibuni mashine rahisi za kutengenezea pedi, na akawauzia vikundi vya wanawake vijijini wazalishe wenyewe. Nchini Uganda, mhandisi Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alitengeneza pedi za mafunjo na karatasi chakavu, zijulikanazo kwa jina la MakaPads. Nchini Rwanda, shirika la SHE limetumia nyuzi za mgomba, ambao baada ya kukatwa ndizi ulikuwa ukiachwa kuoza shambani. Kwa vyama vya mikoa yenye migomba habari hii ni ya kufikiriwa, ingawa si kila chama kinaweza kuanzisha kiwanda. Lakini kila chama chenye cherehani moja na kikundi cha akina mama kinaweza kushona pedi za kitambaa za kufuliwa, zenye tabaka za pamba na taulo ndani, na kipande kisichopitisha maji chini. Sita kwa kila msichana, zikitunzwa vema, hutosha mwaka na zaidi.

WAJIBU WA CHAMA

Kati ya kanuni saba za ushirika zilizothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, ya tano ni elimu, mafunzo na habari, na ya saba ni kujali jamii. Kwa kuzingatia kanuni hizo, vyama vya msingi vinashauriwa kufanya haya:

Kwanza, choo cha bohari. Kiwepo choo cha wanawake peke yao, chenye mlango unaofungwa kwa ndani, ndoo ya maji, sabuni, na pipa lenye kifuniko. Kando yake lijengwe tanuri dogo la matofali la kuchomea taka. Gharama hii ni ndogo kuliko kupaka rangi ofisi.

Pili, duka. Pedi na sabuni ziwekwe katika orodha ya bidhaa za kudumu, wala zisingoje msimu. Zipangwe mahali ambapo mnunuzi anaweza kuchukua mwenyewe, na ikiwezekana auze mwanamke.

Tatu, shule. Halmashauri ya chama ikutane na kamati ya shule na kuuliza hesabu ya matundu ya vyoo. Mwongozo wa shule za Tanzania hutaka tundu 1 kwa wasichana 20, na tundu 1 kwa wavulana 25. Chama kinachochangia madawati kinaweza kuchangia milango na tangi la maji.

Nne, elimu. Muuguzi wa zahanati aalikwe mara moja kwa mwaka kuzungumza na wanachama wote, wanaume wakiwapo. Kuwatoa nje wanaume ni kuendeleza siri ile ile. Wavulana nao wafundishwe, maana wao ndio hucheka doa la mwenzao darasani.

Tano, uongozi. Palipo na wanawake katika halmashauri, choo cha bohari hakingoji miaka kumi. Wanawake walimao waandikishwe wanachama kwa majina yao wenyewe.

TAHADHARI TATU

Chama kisianzishe mkato wa pedi katika malipo ya mazao kwa amri ya viongozi. Wanachama wamechoshwa na makato wasiyoyaelewa, na jambo jema likianza kwa njia hiyo litachukiwa. Mchango wowote uamuliwe na mkutano mkuu, uwe wa hiari, na hesabu yake isomwe kama hesabu nyingine.

Chama kisitegemee misaada ya siku moja. Hedhi huja kila mwezi. Pakiti mbili zilizogawiwa kwa sherehe na picha hazina maana mwezi wa tatu.

Tena wasichana wasiitwe mbele ya watu na kupangwa mstari ili wapokee. Kuondoa aibu si kumvua mtu sitara yake. Kinachotakiwa kusemwa hadharani ni mpango wa chama. Siku za kila mwanamke ni zake mwenyewe.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Je, choo cha bohari ya chama chetu kinamfaa mwanamke anayengoja mizani tangu alfajiri hadi jioni? Nani atakikagua, na lini?

2. Pakiti ya pedi ni bei gani katika duka la kijiji, na ni bei gani kwa katoni mjini? Tofauti ni shilingi ngapi?

3. Ni miiko gani ya hedhi inayosemwa hapa kijijini? Ipi ina manufaa, na ipi huleta madhara?

4. Ni kaya ngapi ambamo baba ameweka fedha za pedi katika matumizi ya msimu, kama alivyoweka fedha za dawa ya mimea?

Siku ya Hedhi Salama huadhimishwa duniani kila tarehe 28 Mei, tangu mwaka 2014. Kabla ya tarehe hiyo kila katibu anaombwa aweke katika ajenda ya kikao cha halmashauri shauri moja lenye maneno haya: “Hedhi salama: choo cha bohari, bidhaa za duka, na hali ya shule.” Liandikwe hivyo hivyo, kwa jina lake, si chini ya “Mengineyo”. Na likishazungumzwa, uamuzi, kiasi cha fedha na jina la mwenye kuusimamia uamuzi huo viandikwe katika kumbukumbu, ili kikao kijacho kiweze kuuliza umefikia wapi.